Nilivyorudi Kutegemewa

Mimi ni mkazi wa Tandika, wilaya ya Temeke, jijini Dar es Salaam. Ni mume, ni baba wa watoto wawili, ni fundi pikipiki, na kila Jumamosi alasiri ni winga wa kulia wa timu ya mpira wa miguu ya watu waliokatwa viungo. Mguu wangu wa kushoto unaishia chini ya goti. Natoa ushuhuda huu kwanza kumshukuru Mungu aliyenifikisha hapa nikiwa na akili timamu. Natoa pia kwa sababu mitaani kwetu kuna watu wanaoshinda ndani kutwa nzima, pazia limeshushwa, na ndugu zao wanaamini kwa moyo safi kwamba wanawatunza. Nilikuwa mmoja wao. Nataka ndugu hao wasikie ni nini kilichonitoa ndani. Sadaka haikunitoa, ingawa niliihitaji, na waliotoa Mungu awazidishie. Kilichonitoa ni timu iliyokuwa na upungufu wa mchezaji mmoja.

Kabla ya ajali nilikuwa naendesha bodaboda ya mkataba. Anayeijua kazi hiyo anajua inavyokwenda: kila jioni unapeleka hesabu kwa bosi, ukimaliza muda mliokubaliana chombo kinakuwa chako. Mimi nilikuwa nimekaribia kumaliza. Alfajiri nawapeleka wanafunzi, asubuhi nawabebea mama ntilie viazi na madumu ya mafuta kutoka sokoni, usiku nawapokea wanaoshuka daladala za mwisho. Jirani mmoja mjamzito alishaniambia kabisa kwamba uchungu ukianza, wa kwanza kupigiwa simu ni mimi. Mzee mmoja mgonjwa wa kisukari alikuwa hatoki kwenda kliniki mpaka nimfuate. Jumapili nacheza ndondo kwenye uwanja wa vumbi, na jina langu lilikuwa linaitwa hata na watoto. Nilikuwa mtu wa kutegemewa, na sikuwahi kulifikiria jambo hilo kwa sababu lilikuwa la kila siku.

Ajali ilitokea Barabara ya Kilwa, usiku wa mvua. Lori lilikata kona bila kuonyesha ishara. Mlio siukumbuki, nakumbuka taa, kisha lami iliyolowa ikiwa karibu sana na uso wangu, kisha sauti ya mtu akisema, "Huyu bado anapumua." Abiria wangu, namshukuru Mungu, alitoka na michubuko. Mimi mguu ulisagika. Madaktari walihangaika nao wiki kadhaa, wakaunga, wakasafisha, wakaunga tena, hadi daktari mmoja alipovuta kiti akakaa kando ya kitanda na kuniambia taratibu kwamba uozo unapanda, na kwamba sasa ni mguu au uhai. Mama yangu alitoka nje ya wodi ili nisimwone analia. Nikatia sahihi.

Wenzangu wa kijiweni walichanga wakalipa sehemu kubwa ya gharama, na sitaacha kuwashukuru. Lakini mwenye pikipiki alikuja nyumbani kudai fidia ya chombo chake kabla hata kidonda hakijafunga, hadi mjumbe alipoingilia kati. Kodi ya vyumba viwili tulivyopanga ilipoisha tulishindwa kulipa ya miezi sita mbele, tukarudi kwa mama, chumba kimoja, wanne. Mke wangu akaanza kukaanga vitumbua. Saa kumi za usiku nasikia kikaango kinalia, namwona kwa mwanga wa kibatari anageuza kitumbua kimoja kimoja, na mimi nimelala naangalia bati. Mwanamke yule hakuwahi kunitolea neno baya hata siku moja. Ningeona afadhali angenitolea.

Hapa nataka nieleze vizuri kutengwa kulivyo, maana wengi wanadhani kutengwa ni kutukanwa. Mtaani kwetu hakuna aliyenitukana. Watu walikuwa waungwana, wengine kupita kiasi. Siku moja nimekaa kwenye benchi la kituo cha daladala nasubiri usafiri wa kwenda kusafisha kidonda, nimevaa shati safi alilonipigia pasi mke wangu, akapita mama mmoja, akaweka sarafu ya shilingi mia tano juu ya paja langu, akaendelea na safari yake. Hakunisalimia. Sikuwa nimenyoosha mkono. Aliona suruali iliyokunjwa na magongo mawili ya mbao, basi akamaliza hesabu yake. Nilibaki na ile sarafu pale pajani, siwezi kuitupa, siwezi kuitia mfukoni. Daladala ikaja, konda akanitazama, akagonga bodi, gari likaondoka. Nikamsikia anamwambia dereva kwamba wa kupanda kwa magongo atawachelewesha.

Nyumbani nako ilikuwa vivyo hivyo kwa namna ya upendo. Ukoo ukikaa kikao, mimi naambiwa, "Wewe pumzika tu, tutakueleza tulichoamua." Mtoto wangu mkubwa akiitiwa mzazi shuleni, anakwenda shemeji. Msiba ukitokea, vijana wote wanapangiwa kazi, huyu turubai, huyu viti, huyu maji, mimi natengewa kiti kivulini pamoja na wazee waliokwisha kuchoka. Na kubwa kuliko yote, nikaacha kuletewa kadi za michango. Msomaji wa Dar es Salaam atanielewa. Hakuna anayezipenda kadi hizo. Kila mwezi harusi, kila mwezi ubarikio, kila mwezi kipaimara, na kamati inakupigia simu kama vile una deni benki. Binamu yangu alioa mtaa wa pili, kadi zikapita nyumba hadi nyumba, ya kwangu haikuwepo. Walinionea huruma. Ndipo nilipojua kwamba mimi si mtu anayetarajiwa kutoa kitu chochote tena kwa mtu yeyote.

Nikaacha kutoka. Nikaacha kunyoa ndevu. Mama alikuwa akiniletea chai anagonga mlango taratibu, kama anayeingia kwa mgonjwa. Usiku nilikuwa na mawazo ambayo sitayaandika hapa kwa sababu ya watoto wangu watakaosoma, lakini aliyepita huko anayajua. Nasema haya ili mtu aliye katika hali hiyo leo asidhani yuko peke yake.

Mlango ulifunguka nilipokwenda hospitali ya CCBRT, Msasani, kupimwa mguu bandia. Kwenye foleni alikaa kijana mmoja mcheshi, amekatwa mguu wa kulia, ameshika magongo ya chuma yale ya kushika kiwikoni. Mguuni alikuwa amevaa kiatu cha mpira, njumu zimeliwa zimebaki vifundo. Nikajikuta namuuliza cha pili kiko wapi. Akasema, "Cha kulia kipo nyumbani, hakina mwenyewe. Kaka, unavaa namba ngapi?" Nikamwambia arobaini na mbili. Akanitazama mguu, akatabasamu. "Basi kina mwenyewe. Jumamosi saa tisa, uwanja wa shule. Tumepungua mmoja." Nikamwambia mimi sichezi tena mpira. Akajibu kwamba hajaniuliza kama nacheza, ameniambia saa.

Jumamosi ile nilikwenda kwa sababu ya mke wangu. Alikuwa amesikia habari hiyo, akanipigia pasi bukta yangu ya zamani ya ndondo, akaiweka juu ya kitanda bila kusema kitu.

Nilichokiona uwanjani nakikumbuka kila nikifumba macho. Chini ya mwembe kando ya uwanja, miguu bandia ilikuwa imepangwa mstari, imeegemezwa kwenye shina, kila mmoja na soksi yake na kiatu chake, mwingine kiatu cha ofisini kilichong'arishwa, mwingine ndala. Wenyewe walikuwa uwanjani wanakimbia. Sheria za mchezo wetu haziruhusu mguu bandia. Unauvua, unaingia na mguu ulionao na magongo mawili. Mimi nilikuwa bado na yale magongo ya mbao ya kwapani, na kigutu changu nilikifunga kitambaa mara tatu ili mtu asikione. Kocha, mwalimu wa shule ya msingi mwenye miguu yake yote miwili, akanipokea kwa mkono, akanipa magongo ya kiwikoni ya akiba, akasema, "Kitambaa hicho kitakuponyoka ukikimbia. Kitoe." Nilitazama huku na huku. Hakuna aliyekuwa ananiangalia. Wote walikuwa wanautazama mpira.

Nieleze kidogo mchezo wenyewe, kwa asiyeujua. Kila upande una wachezaji saba. Sita wa ndani wamekatwa mguu mmoja, kipa amekatwa mkono mmoja na haruhusiwi kutoka kwenye eneo lake. Uwanja ni mdogo kuliko ule wa kawaida, kipindi ni dakika 25, vipindi viwili. Hakuna kuotea. Mpira ukitoka pembeni unapigwa kwa mguu, haurushwi. Ukiuchezea mpira kwa gongo makusudi, ni sawa na kuunawa. Ukiugusa kwa kigutu, vivyo hivyo. Kujitupa chini na kuteleza kumpora mtu mpira ni marufuku. Kwa hiyo kila kitu kinafanywa na mguu mmoja: kukimbia, kusimama, kupiga, kutuliza. Unapotaka kupiga shuti unachomeka magongo mawili ardhini mbele yako, uzito wote unaingia mabegani, mguu unaruka kutoka nyuma na kupita katikati ya magongo. Ukipatia, mpira unatoka kwa nguvu ambayo mtu wa pembeni haiamini. Ukikosea kipimo, unakaa chini.

Mimi nilikaa chini mara nyingi siku ile. Mara ya kwanza nilipoanguka nilibaki pale nikisubiri, maana tangu ajali nilizoea kwamba nikiyumba tu watu wawili watatu wananirukia kunishika. Hakuna aliyekuja. Refa aliashiria mchezo uendelee. Mpira ulikuwa unakwenda golini kwetu na mchezaji niliyepaswa kumkaba alikuwa peke yake. Nikasikia beki wetu anapiga kelele, "Inuka wewe! Rudi! Umeacha mtu!" Nikainuka, nikarudi mbio, nikachelewa, tukafungwa. Yule beki akanigeukia, akanigombeza mbele ya watu wote, kwamba winga gani asiyerudi kukaba. Msomaji, nilisimama pale jasho linaingia machoni, viganja vimeanza kutoka malengelenge, na nilisikia furaha niliyokuwa nimeisahau. Mtu alikuwa amenidai kitu. Alikuwa ananitarajia mahali fulani, nisipofika anaathirika.

Baada ya mechi tulikaa chini ya mwembe, kila mtu anavaa mguu wake, tunapitishiana dumu la maji. Nahodha akaniambia, "Wiki ijayo unaanza kulia. Usichelewe, tukiwa sita hatuna mechi." Nilirudi nyumbani na kile kiatu mkononi. Nikamwomba mke wangu wembe, nikanyoa ndevu.

Nimefikiri sana kwa nini mpira uliweza kufanya kilichoshindikana kwa maneno mengi mazuri ya watu walionipenda. Nafikiri jibu liko hapo kwenye kauli ya nahodha. Timu ina idadi. Saba ni saba. Asipokuja mmoja pengo linaonekana kwa macho, na watu watampigia simu kwa hasira. Kwa miezi mingi nilikuwa mtu ambaye asipokuwepo hakuna kinachoharibika. Kwenye timu nikawa mtu ambaye asipokuwepo, Jumamosi ya watu wengine inaharibika. Huruma inampa mtu chakula, na chakula ni lazima, lakini haimpi sababu ya kuamka mapema. Mtu anajumuishwa siku anapopewa nafasi ambayo ni yake, yenye kazi, na yenye watu wa kumlaumu akiiacha wazi.

Baadaye kocha alitusimulia historia ya mchezo huu, nikaona kwamba hatukuwa wa kwanza. Ulianzia Seattle, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa mtu aitwaye Don Bennett aliyepoteza mguu kwenye ajali ya boti na akaona kwamba anaweza kupiga mpira akiwa juu ya magongo. Lakini mahali ulipopata uzito wake ni huku Afrika. Sierra Leone, baada ya vita vya mwaka 1991 hadi 2002 ambavyo waasi waliwakata raia mikono na miguu, vijana wa kambi za majeruhi jijini Freetown walianza kucheza pamoja, na watu waliokuwa wanapita wakiwageuzia uso wakaanza kusimama kuwashangilia. Angola, nchi iliyojaa mabomu ya kutegwa ardhini enzi za vita vyake, ilitwaa Kombe la Dunia la mchezo huu mwaka 2018 nchini Mexico. Sisi wa Tanzania wengi hatukukatwa na vita. Tumekatwa na barabara, na mashine, na kisukari. Kipa wetu mkono wake ulichukuliwa na mashine ya kukoboa. Beki yule aliyenigombeza alikatwa mguu akiwa mtoto.

Mwishoni mwa mwaka 2021 mashindano ya Afrika yalifanyika hapa hapa Dar es Salaam, na timu yetu ya taifa, Tembo Warriors, ikapata tiketi ya Kombe la Dunia. Mwaka 2022 wakaenda Istanbul, Uturuki, wakafika robo fainali, nchi nane bora za dunia. Baadhi ya wachezaji wake wakapata timu za kulipwa huko Uturuki. Mimi si wa kiwango hicho na wala sikuwahi kuota. Lakini nilimwona mwanangu wa darasa la pili akiwaeleza wenzake uani kwamba timu ya Tanzania iliyofika robo fainali ya Kombe la Dunia inacheza mchezo wa baba yake. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameshika fagio mbili, anawaonyesha namna shuti linavyopigwa.

Kazi kubwa zaidi ilifanyika mtaani, na haikuwa rahisi mwanzoni. Uwanja ule wa shule unatumiwa na timu ya vijana wa mtaa, wazima wa viungo, na wao ndio walioanza kuutumia. Tulipewa saa moja kabla yao. Mechi zetu zilipokuwa zinachelewa kuisha walikuwa wananung'unika, wengine wanaingia kupasha misuli tukiwa bado tunacheza. Kocha hakwenda kuwashtaki kwa mwenyekiti wa mtaa. Aliwaomba refa. Refa wetu alikuwa anahama, na vijana wawili wa timu ile walijua kupuliza kipyenga. Wakakubali. Mtu hawezi kuchezesha mechi bila kujifunza sheria zake, na ukishajifunza sheria unaanza kuuona mchezo, ukishauona mchezo unayasahau magongo, unawaona wachezaji. Wenzao wakaanza kuja mapema wakaketi ukutani kutazama. Wakaanza kubishana nani kati yetu ana chenga.

Kisha wakaja na majivuno ya ujana: wakataka tucheze nao, na wao washike magongo. Tukawafunga kitambaa, mguu mmoja umekunjwa nyuma. Kabla kipindi cha kwanza hakijafika katikati, nahodha wao, kijana mwenye kifua kipana, alikuwa amelala chali katikati ya uwanja anasema, "Kaka, mikono yangu. Mikono imekufa." Tuliwafunga mabao mengi. Hatukuwacheka sana, maana sote tulikumbuka siku zetu za kwanza. Lakini toka siku ile salamu zao zilibadilika. Wananiita winga. Mmoja wao ni konda wa daladala za Tandika. Siku hizi nikiwa kituoni anapiga mwili wa gari kwa kiganja na kumwambia dereva, "Subiri, kuna mchezaji." Abiria wanasogea, napanda, nalipa nauli yangu kamili na nasisitiza kulipa.

Na si wachezaji tu waliopata nafasi. Kuna mama muuza samaki aliyekatwa mguu kwa kisukari. Umri wa kucheza umempita, lakini ndiye meneja wetu, anashika daftari la mahudhurio na mfuko wa faini. Ukichelewa, hakuachii. Kuna kijana asiyesikia ambaye ndiye anayetunza mipira na anayekata vipande vya tairi vya kuweka chini ya magongo, kwa sababu raba za dukani kwenye kokoto zinaisha upesi na gongo lisilo na raba linateleza. Kuna binti mmoja, mguu wake uliishia kwenye ajali, alikuwa anakuja na kaka yake kutazama tu. Mwaka 2024 lilipochezwa Kombe la Dunia la kwanza la wanawake la mchezo huu, kule Colombia, alitazama vipande vyake kwenye simu, na Jumamosi iliyofuata alikuja na bukta. Anacheza kati, na anapiga pasi ndefu kuliko wengi wetu.

Timu ilituzalia jambo lingine ambalo sikulitarajia. Watu wanaokutana kila wiki, wenye daftari, wenye mweka hazina anayeaminika, tayari ni kikundi. Halmashauri zetu kwa mujibu wa sheria zinatenga asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Wengi wetu tulikuwa hatuijui haki hiyo, na aliyeijua hakuwa na watu wa kujiunga nao. Tukajisajili. Mwaka 2023 serikali ikaisimamisha mikopo hiyo ili kupanga upya utaratibu, tukakaa tukisubiri huku tunaendelea kuchanga kidogo kidogo. Ilirudi mwaka 2024. Leo kikundi chetu kina kibanda cha vipuri na ufundi wa pikipiki. Mimi ndiye fundi. Nimekaa kwenye kigoda, mguu bandia nimeunyoosha, na wanaoniletea chombo ni wale wale wenzangu wa kijiweni waliochanga nilipolala hospitali. Wananidai niwahi, wananidai bei nafuu, tunabishana. Rejesho linalipwa.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba mpira umemaliza yote. Ofisi nyingi bado zina ngazi zisizo na njia ya kupanda kwa magongo. Magongo mazuri ya kiwikoni bado ni ghali, na tunaazimana. Viwanja vya wazi vya mitaa vinaendelea kumegwa kwa fremu za maduka, na uwanja ukiondoka, watu wa kwanza kurudi ndani ni sisi, kwa sababu wazima watapata pengine pa kukutana. Kigutu changu huvimba siku za baridi na kuna usiku ule mguu usiokuwepo unauma. Lakini mambo hayo sasa nayakabili nikiwa na watu, na nikiwa na kazi ya kwenda kuifanya kesho yake.

Mwaka jana jirani yetu aliozesha binti. Jioni moja mjumbe wa kamati akaja kibandani na furushi la kadi, akapekua, akanipa yangu. Jina langu limeandikwa kwa kalamu ya bluu, na chini yake kiasi walichonikadiria: shilingi elfu hamsini. Nililalamika kwamba ni nyingi, kama anavyolalamika kila mtu. Akanijibu, "Fundi, usituangushe." Nikalipa kwa awamu mbili, nikamaliza kabla ya siku. Kwenye sherehe nilipangiwa kusimamia maegesho ya magari na pikipiki, nikasimama langoni hadi saa sita usiku.

Basi neno langu kwa aliye ndani ni hili: ndugu yangu, dada yangu, mwili wako umepungua, thamani yako iko pale pale. Usingoje ujisikie vizuri ndipo utoke. Mimi nilitoka nikiwa bado najisikia vibaya, na kujisikia vizuri kukanikuta uwanjani.

Kwa wenye ndugu aliyepata ulemavu, endeleeni kumpenda, lakini mpeni kazi. Mpelekeeni kadi ya mchango, hata ya elfu tano. Mkimpangia viti msibani, msimwonee haya. Mkikaa kikao, asikilizwe kabla ya kuamua.

Kwa walimu na viongozi wa mitaa: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009 unaitaja michezo kwa jina lake. Haki hiyo inaanza kutimia mnapotoa saa moja ya uwanja kila wiki, mahali pa wazi ambapo mtaa mzima unapita. Msitutafutie uwanja wetu wa peke yetu uliofichika. Tuwekeni pale pale vijana wenu wanapocheza, wagombanie nasi muda, watuchezeshee mechi, watushinde na tuwashinde.

Timu yetu bado inakutana Jumamosi saa tisa alasiri, na daftari lina kurasa nyingi ambazo hazijaandikwa. Kama una mtu nyumbani, mlete na namba ya kiatu chake. Asiyeweza kucheza atapuliza kipyenga, atashika daftari, atakata raba. Kazi zipo, na tunawahitaji watu wa kuzifanya.